Shahidi Wangu Alisema Vumbi

Bwana Mgonja, mchaguzi wa timu ya vijana, aliinua kalamu akauliza, "Na huyu mwenye kitambaa mkononi, nani anamsemea?" Chumba kizima kikamgeukia Rehema Ndimbo, kwa sababu Rehema ndiye aliyekuwa shahidi wangu siku ile. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, udongo wa kiwanjani bado umemganda magotini. Akatazama chai yake. Mwalimu Mbaraka akamwita kwa upole, "Rehema." Akamwita tena. Ndipo akajibu, hata kichwa hakuinua: "Sikumwona vizuri, Mwalimu. Vumbi lilikuwa jingi." Bwana Mgonja akachora mstari mfupi mbele ya jina langu, akaendelea na mwingine. Mie nilikuwa na miaka kumi na sita, kidole kimevunjika, na mdomo nimeufumba, maana katika nyumba ile ilikuwa marufuku mtu kujisemea mwenyewe. Kile kimstari kilikuwa kifupi kama punje ya mchele. Kimenichukulia shule, na nimekaa nacho mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Mwalimu Mbaraka tumemzika wiki tatu zilizopita, ndiyo maana haya yamenirudia yote kwa mkupuo. Msibani Yombo wanawake tulikaa kwenye sebule ileile, ndogo kuliko nilivyokuwa naikumbuka, makochi yametolewa nje, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta. Pili, aliyekuwa kipa wetu, sasa ni bibi mwenye wajukuu na magoti yanayogoma. Akasema, "Jamani, mzee alitufundisha kusemeana. Leo na sie tumsemee." Basi tukamsemea mmoja mmoja, na kicheko kikaingia katikati ya kilio kama inavyokuwaga kwenye msiba wa mtu mwema. Rehema alifika mchana, gari limemleta kutoka Kinyerezi, maana siku hizi ni mkuu wa shule huko, upande wa mitambo ya umeme. Watu wakasogea kumpa nafasi. Akalia, na alilia kweli, sitamsingizia. Kisha akaanza kuwasimulia wasichana waliokuwepo habari za mechi yetu na Kinondoni. "Ile kona tuliizuia," akasema. "Sie hawahawa, na magongo ya kuchonga!" Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Akanishika mkono kwa mapenzi, akakiona kidole changu cha pete, akakigeuza kama mtu anayekagua bamia sokoni. "Shoga, hivi hiki kidole kilipatwaga na nini?" Pili akakohoa. Mie nikajibu, "Kazi za jikoni," nikainuka kwenda uani kugeuza wali, ijapokuwa wali ulikuwa na watu wake.

Sasa niueleze mwaka wenyewe. Nilikuwa nimemaliza la saba na jina langu halikutoka. Asubuhi nauza vitumbua Tandika, jioni nakwenda kiwanjani kucheza mpira wa magongo. Watu walikuwa wanatucheka. Mpira wa miguu kila mtu anaujua, lakini wasichana kumi na watano wameinama na fimbo zilizopinda ncha, wanafukuza kampira kagumu kama jiwe, hiyo ilikuwa sinema ya bure. Mwalimu Mbaraka tulimwita Mwalimu, lakini hakuwahi kushika chaki. Ujana wake wote alikata nyasi kwenye klabu moja ya mjini ambako Magoa, Wahindi wenye asili ya Goa, walikuwa wanacheza magongo, na yeye akawa anaegemea reki yake anawatazama. Hakuruhusiwa kucheza hata siku moja. Alitazama tu, miaka na miaka, na mtu anayetazama hivyo bila kuruhusiwa kugusa huwa anaona mpaka vidole vya wachezaji ndani ya viatu. Sijakutana tena na jicho kama lile. Alikuwa anakuangalia unatembea kutoka getini mpaka kwenye mstari, anakwambia, "Wewe utakuwa beki. Unakanyaga kama mwenye nyumba." Na kweli utakuwa beki.

Magongo yetu yalichongwa na mjomba wangu, Mmakonde aliyekuwa anachongea vinyago Mwenge. Gongo la mchezo huu lina upande mmoja bapa na upande mmoja wa mviringo, na sheria inataka upige kwa ubapa tu. Mjomba hakuwahi kuuona mchezo. Yale ya kwanza aliyachonga bapa pande zote mbili, akajisifu kwamba ametuongezea. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda naye Mwenge, akashinda naye siku nzima akimwonyesha kwa mwiko wa ugali. La kipa alilichonga kwa mpingo, zito, hakuna aliyeweza kulizungusha ila Pili. Pili alilipenda. Alikuwa anasema, "Hili hata nikilala golini, lenyewe linadaka."

Kila Jumamosi baada ya mechi tulikuwa tunakwenda kwa Mwalimu. Mkewe, Mama Hadija, alikuwa anachemsha mihogo kwa tui la nazi, inamwagwa kwenye sinia moja kubwa, chumvi na pilipili pembeni, chai ya rangi kwenye vikombe visivyofanana. Hakuna aliyegusa muhogo mpaka tusemeane. Hilo ndilo lilikuwa sharti la nyumba. Kabla ya mechi Mwalimu alikuwa anampa kila mmoja mtu wake wa kumtazama, na mechi ikiisha unamtolea ushahidi. Unasema mambo matatu: alilofanya vizuri, alilokosea, na jambo moja alilofanya ambalo unadhani hakuna aliyeliona ila wewe. Anayesemewa anainamisha kichwa, hajibu, hajitetei, hajiongezei. Akifungua mdomo kujisemea, anaosha vyombo vya wote. Mwalimu alikuwa anasema anayecheza hajioni, anayemwona ni mwenzake. Na yeye mwenyewe hakumsemea mtu hata mara moja. Bintiye Hadija alikuwa kwenye timu, hivyo alijifunga mdomo kwa wote ili asije akaambiwa anambeba mwanawe. Jirani mmoja aliwahi kuuliza ukutani kule uani, tukamsikia, "Mama Hadija, hivi hapo kwenu mmefungua mahakama? Kila Jumamosi nasikia mashahidi." Mama Hadija akamjibu, "Bora mahakama, shoga. Mahakamani hawali mihogo ya mtu."

Mihogo ile ilikuwa inapoa tukiitazama. Lakini nani alijali? Nyumbani kwetu, kwa akina Pili, kwa akina Rehema, msichana alikuwa anatajwa akikosea. Pale mtu alikuwa anaeleza mbele ya watu kumi na tano kwamba uligeuza kiwiko kidogo ukaufanya mpira upite. Nilijifunza kutazama. Mpaka leo nikipita uwanja wowote, watoto wanacheza chochote, siwezi kupita bure. Nasimama na beseni langu, nasema moyoni yule ana mgongo mzuri, yule anaogopa, yule ataacha mchezo ndani ya mwaka.

Mwisho wa mwaka zikaja habari kwamba chama cha mpira wa magongo kinachagua vijana. Mechi moja, sisi na wasichana wa Kinondoni, kwenye uwanja wetu, na wachaguzi watakaa watazame. Nafasi tatu kwa timu zote mbili. Watakaopata wataingizwa timu ya vijana, na kikubwa zaidi, watapelekwa shule ya sekondari ya bweni iliyokuwa na timu ya magongo, wasome bure mpaka kidato cha nne. Mwalimu alipotueleza hilo hakuna aliyecheka. Nusu yetu tulikuwa wa la saba. Rehema alikuwa kama mie, jina halikutoka. Usiku ule, ooh, hapana, nisiseme uongo, siyo usiku, ilikuwa kesho yake asubuhi, alikuja kwenye kikaango changu cha vitumbua akaniambia, "Somoe, tukipata wote wawili tutalala kitanda kimoja cha juu na chini. Mie juu." Nikamwambia juu nimeshachukua mie.

Kinondoni walikuja na magongo ya dukani, soksi mpaka magotini. Walipotuona mmoja akapaza sauti, "Jamani, hawa wamekuja kucheza au kuuza miko?" Pili akamjibu kutoka golini, "Njooni mpakuliwe!" Uwanja mzima ukacheka, hata wao. Wachaguzi hawakuwepo. Tukasubiri, tukasubiri, refa akatazama saa, akasema jua litatuacha, akapuliza filimbi.

Nawasemea wenzangu kwanza, kama inavyotakiwa. Pili alikuwa amefunga miguuni vipande vya godoro kwa kamba za mpira wa tairi, anatembea kama bata. Lakini alikuwa hatazami mpira peke yake, alikuwa anatazama bega la kushoto la mpigaji, na bega likishuka yeye kashafika. Aliokoa mitatu ya wazi katika kipindi kile cha kwanza, na mmoja aliupiga teke akiwa amelala. Hadija, binti wa Mwalimu, beki wa kushoto, hakuwahi kumgonga mtu. Alikuwa anakuondolea mpira kama anavyokuondolea sahani mtu aliyekuona umeshiba. Unashtuka uko mikono mitupu na hukuumia. Na Rehema. Jamani, Rehema. Namtaja kwa ubaya katika maandishi haya na nitamtaja tena, ila kwa gongo sitamnyima haki yake. Viganja vyake vilikuwa vyepesi hivi kwamba mpira ulipita kulia kushoto mbele yake bila sauti, wengine tunagonga ko, ko, ko, yeye kimya. Beki wa Kinondoni alimfuata mara nne, na mara zote nne akabaki anatazama nyuma yake. Nimeona wachezaji wengi baada ya hapo, kwenye televisheni za migahawa ya watu, wa nchi zenye viwanja vya kapeti. Viganja vile sijaviona.

Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza, bado hakuna goli, Kinondoni wakapata kona fupi. Wasiojua magongo niwaeleze: walinzi wanne na kipa wanasimama kwenye mstari wa goli, mpira unasukumwa kutoka pembeni mpaka ukingo wa nusu duara, unatulizwa, na mpigaji anaachia kwa nguvu zake zote. Kazi yangu ilikuwa kutoka mbio kumziba mpigaji. Kazi ya Rehema ilikuwa kukaa kwenye mlingoti wa kushoto, upande ambao Pili hawezi kuufikia. Mpigaji wao alikuwa msichana mrefu, na mapema alikuwa ameupiga mpira ukagonga mlingoti hadi ukalia. Mpira ukasukumwa, nikatoka. Hatua ya pili nikageuza jicho, sijui kwa nini, tabia tu ya kutazama wenzangu. Rehema alikuwa ameondoka mlingotini. Ameinama, amejikinga uso, anakimbilia nje pembeni. Goli liko wazi mlango mzima. Nikarudi. Nikajitupa chini na gongo nimelilaza juu ya mchanga, mpira ukaligonga likatetemeka mpaka begani, na mmoja wao aliyekuja kumalizia akapiga vidole vyangu badala ya mpira. Nikasikia kidole kinasema, siyo kwa masikio. Pili akautoa mpira kwa teke, ukaangukia pembeni, na pembeni nani yuko? Rehema, peke yake, pale alipokimbilia. Akaondoka nao. Uwanja mzima, hakuna wa kumgusa, akafunga. Watu wakaingia uwanjani, vumbi likafunika kila kitu. Na mie nikiwa nimelala pale nikashangilia. Ndiyo. Nilishangilia.

Mapumziko Mwalimu alichana kitambaa chake cha kufutia jasho akakifunga kidole na mwenzake. Akaniambia chini chini, "Nimeona, mwanangu." Nikamuuliza, "Umeona lipi, Mwalimu?" Akasema, "Lote." Kipindi cha pili nikakaa benchi. Ndipo gari la wachaguzi likafika. Bwana Mgonja akashuka na kijiti cha meno mdomoni, na msaidizi wake nyuma na karatasi. Dereva wao akaegemea gari karibu nami. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona wamechelewa. Akasema, "Tulikaa Sinza, sista. Mzee aliagiza kuku wa kienyeji, na kuku wa kienyeji haharakishwi." Basi ndivyo walivyoniona: msichana aliyekaa benchi. Kipindi cha pili Rehema na Hadija walicheza kama wamepakwa mafuta, na hakuna aliyefunga tena.

Mwalimu akawakaribisha nyumbani, na wachezaji wawili watatu wa Kinondoni na kocha wao. Mama Hadija alipika pilau siku ile badala ya mihogo. Bwana Mgonja akakaa kwenye kochi, akasema kipindi cha kwanza hakukiona, kwa hiyo kila mmoja ajieleze mwenyewe alifanya nini. Wale wa Kinondoni wakajieleza vizuri, kwa sauti, nani awalaumu? Sie wa Temeke tukatazamana. Akamnyooshea kidole Pili, Pili akainamisha kichwa. Akamwambia Hadija, Hadija akainamisha kichwa. "Hawa wako mabubu, mzee?" akauliza. Mwalimu akamweleza utaratibu wetu. Bwana Mgonja akacheka, akasema haya, mashahidi waseme, ila haraka.

Rehema nilimsemea mie, maana tulipangiana, mie shahidi wake na yeye wangu. Nikaeleza viganja vyake na goli lake, hatua kwa hatua, na Bwana Mgonja akawa anaandika mfululizo. Kwenye jambo ambalo hakuna aliyeliona nikasema kwamba kabla ya kufunga hakumtazama kipa usoni, alimtazama miguu, akangoja ainue mguu wa kulia. Na lile alilokosea? Hapo ndipo na mie nina langu. Ilinipasa niseme aliacha mlingoti. Nikasema huwa anakimbia kichwa ameinamisha, haoni wenzake. Kosa dogo. Lile kubwa nililimeza, nikadhani namsitiri mwenzangu mbele ya wageni. Kumbe nilimfungia mlango, kwa sababu ilipofika zamu yake, asingeweza kueleza nilichofanya bila kueleza alichofanya yeye. Nilimwona anafungua mdomo. Nilimwona anaufunga. Ndipo akasema vumbi.

Na Mwalimu alikuwa pale, kikombe mkononi, yule aliyeniambia ameona lote. Niliinua macho nikamtazama. Nilitaka neno moja tu, hata kukohoa kungetosha. Akalinda sharti lake. Nilikuwa namheshimu kuliko mtu yeyote, na bado namheshimu, lakini siku ile sharti lilikuwa limeshavunjwa na Rehema, Mwalimu alikuwa analinda gofu la nyumba. Kule uani Mama Hadija nilimsikia akimwambia jirani, "Yule mtoto wa vitumbua ndiye aliyeumia kwa ajili yao. Sasa mbona hawamtaji?" Mwanamke ambaye hakutazama hata dakika moja ya mechi alijua. Alikuwa amekiona kidole.

Waliochaguliwa ni Rehema, Hadija na yule mrefu wa Kinondoni aliyepiga kona. Hadija alistahili, sitaki mtu aseme vingine. Yule mrefu alistahili pia, mpira wake naujua kuliko wachaguzi. Na Rehema alistahili, hapo ndipo panaponiuma zaidi. Angeweza kunisemea na bado akachaguliwa. Pili walisema umri umempita. Siku ya kuondoka Rehema alikuja na sanduku jipya kuniaga, nikampa vitumbua sita vya njiani, hakuna aliyetaja mechi. Nikabaki. Nimepika kwenye majiko ya watu tangu wakati ule, watoto wangu nimewasomesha wote, hakuna aliyenisaidia. Kidato cha kwanza mie nakijua kwa kufunika madaftari yao.

Kwa kuandika haya nimejisemea, najua. Nimelivunja sharti la Mwalimu kabla kaburi lake halijakauka, na kama kuna vyombo nitaosha. Bwana Mgonja sijui kama yu hai. Kama yuko, ajibu yule kuku alikuwa mtamu kiasi gani. Mwalimu anajibu kwingine. Lakini wewe, Rehema Ndimbo, uko Kinyerezi, una afya, una ofisi, na kila asubuhi watoto wanapanga mstari mbele yako unawaambia wawe wakweli. Arobaini ya Mwalimu inasomwa Yombo, na baada ya dua timu yote tutakaa sebuleni, Pili, Hadija na wengine waliobaki. Njoo. Sitaki uniombe radhi, sitaki unishike mkono, sitaki "tuliizuia". Nataka useme nani alipangwa kwenye mlingoti wa kushoto, alikwenda wapi, na nani aliingia mahali pake. Mie nitainamisha kichwa, sitakuongezea neno. Uliulizwa mbele ya watu nani ananisemea, na mpaka leo hujajibu. Jibu.